Nyundo ya Ba

Nauza mapazia Kariakoo, upande wa Mtaa wa Msimbazi, na mtu yeyote aliyewahi kununua kwangu atakwambia mdomo ninao na hasira ninazo. Ndiyo maana nikiwaambia wenzangu sokoni kwamba Jumapili mchana nafunga duka nakwenda Upanga kupigana na majitu ya kufikirika kwa kurusha dadu, wananiuliza kama nimekula.

Nimekula, ndiyo. Tena nakula hukohuko.

Ilianza siku niliyokwenda kupima madirisha ya mfamasia mmoja wa Kihindi, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Nilifika nahema. Nikamkuta na mama yake na rafiki yao muuguzi, mwanamke wa Newala, wamezunguka meza, wamepanga vizibo vya soda juu ya boksi lililochorwa vyumba na korido. "Shikamoo mama," nikasema. "Huu ni mchezo gani jamani?"

"Marahaba. Kaa utaona. Chai hiyo, kachori hizo."

Basi nikakaa. Madirisha niliyapima wiki iliyofuata.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mfamasia ndiye msimulizi: mko pangoni, kuna mlango, mnafanyaje? Kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, mwenye silaha zake na pointi zake za uhai. Unasema unachofanya, unarusha dadu, yeye anakwambia kilichotokea. Mimi ni mbeba shoka, nani angenipa kitu kingine? Muuguzi anapiga mishale. Ba, maana sote tunamwita mama yule kama mwanawe anavyomwita, ni mhunzi mwenye nyundo, na pia ndiye anayetuponya tukiumia.

Ba alikuwa ametoka kuugua kiharusi. Alijifunza upya kushika kijiko, akajifunza upya kutembea kutoka kitandani mpaka sebuleni, lakini ngazi za ghorofa tatu zilimshinda. Mhunzi wake, huyo, alikuwa anapanda milima na kuvuka mito kila Jumapili, na Ba akisimulia hayo utadhani miguu ni yake. Siku moja mwanawe alimwambia asiwe na wasiwasi, mhunzi akifa watachora mwingine. Ba akamkatiza palepale.

"Sichori. Mimi nimeshaanza upya mara moja, inatosha. Akifa huyu natoka mezani, mtacheza wenyewe."

Hakuwa anatania.

Sasa kuna Jumapili moja tuliingia kwenye chumba chenye mlinzi wa jiwe, jitu refu mpaka darini. Kabla hatujajipanga likamtandika Ba. Mhunzi akaanguka amezimia, nyundo ikamtoka mkononi, jitu likamkanyagia mguu kifuani. Mfamasia akalaza kizibo cha Ba chali, pembeni yake akaweka karafuu moja kuonyesha nyundo ilipodondokea. Dawa ya kumwamsha tulikuwa nayo, lakini huwezi kumnywesha mtu aliye chini ya mguu wa jiwe. Na sheria ya meza yetu ni kwamba aliyezimia hasemi neno mpaka ainuliwe. Ba akafunga mdomo. Ilibaki mizunguko mitatu afe.

Nikarusha dadu. Kumi na nne! Nikapiga makofi mwenyewe.

"Shoka limegonga jiwe," akasema mfamasia. "Zinaingia saba."

"Saba za nini?"

"Nusu tu inaingia."

Sokoni kwetu ukitajiwa namba ya kwanza, hujaambiwa kitu bado. Nikavuta kiti. "Fanya kumi na mbili, kaka yangu."

"Saba, dada."

"Haya, kumi. Kumi ya mwisho, tusisumbuane."

Muuguzi akapaliwa na chai. Mfamasia, ambaye hata dukani kwake bei ni ile iliyobandikwa, akaandika saba. Mshale wa muuguzi ukafuata, ukaingia pointi mbili. Zamu yangu ya pili nikarusha kwa nguvu zaidi, kana kwamba dadu inasikia, nikapata kumi. Zikaingia tano, na mshale wa muuguzi ukakosa. Hapo mori ukanipanda. Nikamwambia analipendelea jiwe lake. Nikamwambia ana roho mbaya, mama yake yuko chini anafa na yeye ananikatia nusu nusu. Nikapiga meza, vizibo vikaruka.

"Dada, mimi sijapunguza kitu," akasema taratibu. "Ndivyo lilivyo. Likikatwa halisikii." Akamtazama mama yake, akatazama karatasi. "Tukifunga mzunguko unaokuja bila kuliangusha, Ba ndiyo basi."

Angeweza kudanganya. Ni mama yake mzazi, na karatasi ya hesabu za jitu alikuwa anaiona yeye peke yake. Lakini Ba angejua, na angeondoka mezani siku hiyohiyo. Nilielewa hilo baadaye. Wakati ule nilikuwa natafuta tu cha kumrushia. Ba alikuwa kanikazia macho, nikajua amenikasirikia.

Simu yangu ikaita. Jirani yangu wa duka.

"Shosti, nina mteja anataka pazia la kijani, kwangu limeisha. Nichukue kwako?"

"Chukua! Unaniuliza nini, si tunachukuliana kila siku? Ufunguo si unao?"

Nikakata, na mkono ukabaki na simu hewani. Maana Kariakoo mteja akitaka usichonacho humwambii sina. Unamwambia kaa mama, nakuletea sasa hivi, halafu unatoka mbio kwa jirani. Nafanya hivyo mara kumi kwa siku, wala sioni aibu. Na hapa nimeng'ang'ania shoka langu, nyundo imelala sakafuni mbele yangu!

"Natupa shoka," nikasema. "Naokota nyundo ya Ba."

"Ukiinama litakuponda," akasema mfamasia.

"Halipondi mtu," akadakia muuguzi. "Mimi napita mbele ya macho yake napiga kelele mpaka linigeukie." Na akapiga kelele kweli, palepale sebuleni, mpaka mtu wa ghorofa ya chini akagonga dari yake.

Nikarusha. Kumi na moja. Nikasubiri nusu yangu kwa unyonge.

"Nyundo inapasua jiwe," akasema mfamasia. "Kumi na moja zote zinaingia."

Lilikuwa limebakiza tisa, likaporomoka. Weee! Tulikumbatiana hadi kikombe kikaanguka. Muuguzi akamnywesha mhunzi dawa, mfamasia akasimamisha kizibo, na Ba akaruhusiwa kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa kwangu.

"Mbumbumbu! Nimekaa hapa naitazama karafuu, nakutazama wewe, karafuu, wewe. Macho yameniuma!"

Nilicheka mpaka nikalia. Namshukuru Mungu kwa watu wale, na nasema wazi: namshukuru Ba kwa kunitukana, namshukuru muuguzi kwa makelele yake, na namshukuru zaidi yule mfamasia kwa kutoniongezea hata pointi moja. Angenipa zile kumi, leo ningekuwa bado napiga jiwe kwa shoka.

Karatasi ya Ba ilikuwa imelowa chai ya kile kikombe. Mwanawe akatoa mpya, akashika kalamu ainakili, kwa sababu tangu mama augue yeye ndiye aliyekuwa anamwandikia kila kitu. Ba akamnyang'anya kalamu.

Aliandika kwa mkono wa kulia, ule uliougua. Herufi moja, anapumzika. Herufi nyingine. Kalamu ilimwanguka mara mbili, na mara ya pili mkono wangu ulishaanza kwenda kuiokota, muuguzi akanibana goti chini ya meza. Nikatulia. Mimi, nikatulia! Adhana ya magharibi ikaadhiniwa mpaka ikaisha, na bado alikuwa kwenye mstari wa tatu.

Alipomaliza aliisoma yote kwa sauti, akaigeuza mwanawe aione.

"Chai imepoa," akasema. "Kapashe."

Mwanawe akachukua birika akaenda jikoni, na muda mrefu ukapita kabla hatujamsikia akiwasha jiko.