Reissue ya jazz ya Tanga ilimkata baba yangu, nikamrudisha

Wakuu, nawasalimu kutoka Kilburn, London. Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na shahidi ni mdogo wangu Rehema, ambaye naye yumo humu jukwaani anasoma kimya kimya.

Marehemu baba alipiga gitaa la solo kwenye bendi moja ya jazz pale Tanga, miaka ya sabini.

Kuna wimbo wao mmoja, kabla gitaa halijaanza, baba anaongea. Anamsalimu mama, kisha anatutaja watoto mmoja mmoja, kuanzia mimi hadi kitindamimba: "Na wewe Rehema, uliyekuja juzi."

Mnaokumbuka santuri za enzi hizo mnajua, salamu zilikuwa sehemu ya wimbo.

Wazazi walifariki kwa ajali ya gari, Rehema hata kutembea bado. Baada ya arobaini ndugu wakagawana vitu. Gramafoni na santuri zikaenda kwa baba mdogo, huko zikapotea. Mimi nikaacha shule, nikawalea wadogo zangu. Sijutii, wote wamesimama.

Rehema alipokuwa akilia kwamba hamjui baba, nilimwambia: baba alikutaja kwenye santuri. Alipokua akawa ananicheka. "Kaka, hiyo ulinitungia ninyamaze."

Sasa, kampuni moja ndogo ya hapa London ikatoa reissue, yaani toleo jipya la nyimbo za zamani za jazz za Tanga. Santuri ya LP, jalada zuri, sauti imesafishwa upya. Wimbo wa baba umo!

Nikanunua, nikapika pilau kabisa, nikamwita Rehema. Yeye ni nesi hapa hapa London.

Sindano ikashuka. Gitaa likaanza.

Hakuna salamu.

Nikarudia, vilevile. Rehema akanishika bega. "Kaka, yaishe. Nilishakusamehe zamani."

Wakuu, kusamehewa kosa ambalo hukulifanya kunauma kuliko tusi.

Nikawapigia wale wa label, hiyo kampuni iliyoitoa. Jamaa alikuwa mstaarabu. Akasema walirekodi kutoka santuri ya zamani, wakasikia mtu anaongea mwanzoni, wakadhani ni mtangazaji wa redio. Wakamkata ili wimbo uanze safi. Rekodi ya mwanzo wameshaifuta, na mwenye santuri ameshaiuza. "Ukipata kopi nyingine tutarekebisha," akaniahidi.

Nikaanza kuulizia. Maduka ya Edgware Road, patupu. Mkenya mmoja ninayefanya naye kazi ya cleaning akaniambia: nenda Tooting, kusini mwa London, kuna mzee Mhindi wa Tanga, siku hizi anauza viungo, zamani aliuza santuri kule kwenu.

Jumamosi nikamburuta Rehema. Alikuja kwa kunionea huruma tu.

Mzee aliposikia jina la baba akaangua kicheko. "Yule? Kila siku dukani kwangu anasikiliza bure, hata sindano hakununua!"

"Ndiye baba yetu, mzee."

Akatushika mikono. "Poleni, wanangu. Ngojeni."

Akapanda ghorofani, akashuka na santuri, kijana wake nyuma kabeba player ya santuri.

Kwanza mikwaruzo. Halafu baba. Sauti nzito, yenye mzaha na kicheko. Mama. Mimi. Wadogo zangu. "Na wewe Rehema, uliyekuja juzi."

Rehema hakulia. Alinipiga ngumi ya bega. "Kumbe anaongea kama wewe!"

Kisha: "Babu, rudia." Mzee akarudia. Wateja wamepanga foleni na bizari zao mikononi, hakuna aliyelalamika.

Mzee akawaazima label santuri yake, nao wametimiza ahadi. Pressing ya pili, yaani santuri zilizochapwa upya, imetoka, salamu zote zimo. Wanawe Rehema, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza, wamezikariri na wanamuiga babu yao hadi kicheko.

Nilichojifunza: usiuache ukweli wako eti kwa sababu anayeukataa anakupenda. Hapo ndipo ni rahisi zaidi kuuacha.

Na mwenye santuri darini, asikilize kwanza kabla ya kutupa. Huenda kuna mtu humo anaita watoto wake.

Nani mwingine humu alitajwa na mzazi wake kwenye wimbo? Leteni, nasoma zote.