Koo Nyuma ya Pazia

Nianze na ujinga wangu, kabla hamjausikia kwa wengine: siku yangu ya kwanza kazini nilitoka kuwainamia watu waliokuwa hawanipigii makofi mimi. Nilikuwa nimeimba wimbo mzima nyuma ya pazia, pale ukumbini Kasulu, na mbele ya pazia msichana mwembamba aitwaye Jenista, kavaa sari, alikuwa akifungua mdomo bila kutoa sauti. Ndiyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Kikundi chetu kiliigiza jukwaani visa vya sinema za Kihindi, na kama ilivyo katika sinema hizo, anayeonekana siye anayeimba. Makofi yalipolia nami nikajitokeza, kandambili miguuni, kitenge nimekifunga mafundo mawili. Jenista bado kaachama. Ukumbi ulicheka mpaka mpiga tabla akaweka ngoma zake chini.

Mkurugenzi wa kikundi, mwalimu mstaafu aliyeletwa na kazi kutoka Tanga, aliniita pembeni.

"Mama Zawadi, wewe ni koo. Umeshaona koo la mtu limetoka nje kusalimia?"

"Sijaona, Mwalimu."

"Basi rudi ndani."

Nikarudi ndani, nikakaa huko mpaka mvi zikanikuta.

Aliyenifundisha tulimwita Ustadhi. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Ujiji, fundi cherehani, na mpiga harimoni, kile kinanda kidogo ambacho mkono mmoja hubonyeza na mwingine husukuma upepo. Mimi nilikuja na kidato cha nne na sauti ya kwaya ya kanisani, nikidhani vinatosha.

"Unaimba kama unamwita mbuzi," aliniambia. "Ghazali haiiti. Inaomba."

Ghazali, kwa ninyi mliokulia kwenye nyimbo za simu, ni shairi la mapenzi na utengano, beti za mistari miwili miwili. Kila ubeti una habari yake, lakini zote hufungwa kwa tamko lilelile. Ustadhi hakukubali niimbe ubeti kabla sijamweleza maana yake kwa Kiswahili. Nikieleza vibaya, aliendelea kushona suruali ya mteja, nami nikajua somo limekwisha.

Lakini kazi ngumu zaidi ilikuwa pumzi. Pazia lilikuwa na tundu usawa wa jicho langu la kulia. Hapo nilimtazama Jenista mgongoni: bega lake la kushoto likipanda, navuta pumzi, likishuka, naanza. Akigeuka, narefusha sauti mpaka amalize kugeuka. Hakuna aliyetufundisha hilo. Tulilikuta tu, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Tulizunguka Buhigwe, Kibondo, hadi Mabamba mpakani siku za soko, ambako Warundi waliovuka na vikapu vyao walisimama kututazama. Mimi si mtu wa safari. Gari likiiacha tu Heru Juu, kwetu, nauliza tunarudi lini.

"Dada, hata hatujafika!" Jenista hunijibu. "Mihogo yako haina miguu, utaikuta."

Nikirudi nyumbani, siku ya tatu nimeshafunga begi, nachungulia barabara. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba alioa mlango: ukifungwa unataka kufunguliwa, ukifunguliwa unataka kufungwa.

Sasa siku moja Kibondo, Afisa Utamaduni akataka kumpa mwimbaji wetu cheti. Akamwita Jenista mbele ya watu.

"Hebu tuimbie ubeti mmoja, hapahapa, bila vyombo."

Jenista akafungua mdomo. Bega likapanda. Nami nyuma ya pazia nikavuta pumzi, nikaibana. Siandiki kwa kujisifu. Nilitaka siku moja wajue.

Jenista angeweza kukohoa, akasingizia mafua. Badala yake alisema, "Bwana Afisa, mwimbaji yuko kule nyuma. Mimi ni mdomo tu."

Afisa akavuta pazia, akanikuta juu ya kreti la soda. Nikasogezwa mbele, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mbu. Sikujua pa kupumulia! Miaka yote ile sikuwahi kuimba ghazali bila bega la mtu. Jenista akaona. Akaja akasimama mbele yangu, akanipa mgongo. Bega likapanda, likashuka, na sauti ikaja yote.

Afisa akaandika kwenye cheti: "Jenista na mwenzake."

Kutoka Kibondo hadi Kasulu sikumsemesha. Alinipa hindi la kuchoma, nikageukia dirishani. Najua mwandiko haukuwa wake. Hata cheti chenyewe alinipa mimi. Baadaye aliolewa hukohuko Kibondo, akaniomba nikaimbe harusini. Nikasema magoti yananiuma. Miaka nimeimba utengano kwa lugha ya watu mpaka kumbi zikalia, halafu ulipokuja wangu mwenyewe nikasema magoti.

Video zikaja, kisha simu. Mwalimu akarudi Tanga, Ustadhi tukamzika, nami nikastaafu, yaani nikakosa barabara ya kuchungulia. Kijana anayetaka kazi ya sauti, ushauri wangu wa kitaalamu ni huu: jifunze kuimba peke yako. Nautoa kwa uhakika kwa sababu mimi sikuufuata. Kila asubuhi natembea kando ya uzio, naanza ubeti, pumzi inakatika katikati, narudi mwanzo, naanza tena.

Ng'ambo ya uzio hulima jirani yangu Mama Esperansi, ambaye wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, na ambaye hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Jana nilimsimulia yote haya. Nikamwambia Jenista bado hunitumia salamu kila sikukuu, nami sijibu, ila nitakwenda kumwona magoti yakipona. Akaegemea jembe, akanitazama miguuni, kisha usoni.

"Mama Zawadi, kila siku unazunguka hapa kama kuku anayetaka kutaga. Jenista yuko Kibondo, hayuko kwenye mihogo yangu. Panda gari uende, au unyamaze nipalilie."