Shangazi Aliyeniitikia Ubatizo

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, ya wakati wa palizi, Wadachi, yaani Wajerumani, wakiwa bado wanatawala. Niliwatoa watu wa kijiji kizima mashambani kwa ngoma yangu, na wala haikuwa Jumapili.

Nilikuwa msichana, nangoja kubatizwa. Kanisa letu, upande wa Mvumi, lilikuwa tembe la udongo lisilo na kengele. Na kwa kuwa kwetu Ugogo wanawake ndio mafundi wa ngoma, kazi ya kuwaita watu kwenye ibada nilipewa mimi. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kupiga.

Msimu ule furaha ilinijia kupita kiasi. Usingizi ulinikimbia, njaa sikuisikia, nikawa nasema mpaka sauti inakauka. Shanga zangu zote niliwagawia wasichana wenzangu, hata yule tuliyekuwa hatusalimiani. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nacheka sasa. Niliona Mungu ameniteua mimi peke yangu niiamshe Ugogo yote. Basi nikaipiga ngoma mchana kweupe, magugu yakiwa yameusonga mtama. Watu wakaja mbio na majembe mkononi, wakidhani kuna msiba. Tukaimba, na wengine wakasema Roho amenishukia. Waliporudi shambani nikapiga tena, na kesho yake vilevile. Mwishowe akaja jumbe, mtu wa serikali pale kijijini, anahema. Vita vya kusini vya kuwapinga Wadachi vilikuwa havijasahaulika, na ngoma isiyo na sababu ingeweza kutuletea askari wa boma na viboko vyao. Akaichukua ngoma, akaenda nayo.

Mtama ulipoanza kukomaa, mimi nilikuwa nimezama. Wenzangu walikuwa shambani wakifukuza ndege. Mimi nimelala juu ya ngozi ndani ya tembe, nimegeukia ukutani, hata mlenda sikuutaka. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuweza kuomba. Nafungua kinywa, neno halitoki. Nikaamini Mungu amenipa kisogo, na siku ya ubatizo ilikuwa inakaribia.

Wazee wa kanisa wakaja kukaa kikao barazani petu. Mmoja akasema nina pepo. Mwingine akasema imani yangu ni ya kelele tu, juzi naimba kutwa, leo hata amina hainitoki, kwa hiyo niondolewe kati ya wanaobatizwa. Mama, maskini, alikwisha kumfunga kuku miguu ampeleke kwa mganga. Nilikuwa nasikia yote kutoka ndani. Nilitaka kulia, machozi yakakataa.

Aliyewakatiza alikuwa Mwalimu Ndahani, mzee aliyetufundisha dini, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Mbukwa, wazee wangu," akawaamkia. "Binti huyu angeshikwa na homa, mngemwondoa?"

"Homa ni ugonjwa, Mwalimu."

"Na mtu asiyelala, kisha akawa hainuki, huyo ni mzima? Mlipoimba naye hamkutaja pepo. Leo amelala, mnamtupa. Aibu hiyo ni yetu, si yake."

Kisha akaja mpaka mlangoni kwangu, akachuchumaa.

"Binti yangu, ulipokuwa juu ulidhani Mungu amekusogelea kuliko wengine. Sasa uko chini, unadhani ameondoka. Hajasogea popote. Kinachopanda na kushuka ni moyo wako, na moyo wako si Mungu."

Siku ya ubatizo shangazi alinivika nguo, akanishika mkono mpaka kanisani. Padri aliyekuja kutubatiza akauliza maswali yake, wenzangu wakajibu kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nikasimama pale kimya. Niliona wazee wakitazamana, nikajua yamekwisha.

"Padri," akasema Mwalimu Ndahani, "mtoto mchanga akiletwa hapa, nani humjibia?"

"Wale waliomleta."

"Basi na huyu ameletwa."

Shangazi, ambaye mbele za watu alikuwa na haya kuliko mtu yeyote ninayemjua, akaniwekea mkono begani. Akasema, "Naamini." Akajibu yote mpaka mwisho. Maji yaliponigusa kichwani nililia, na safari ile machozi yalitoka.

Sikupona siku ile, mwanangu, nisikudanganye. Nilianza kula vizuri mvua nyingine zilipokaribia. Moyo huu umenipandisha na kunishusha mara nyingi tangu hapo, nami nimeolewa nao, nimelea watoto nao, na mume wangu nimemzika nao. Ngoma nilirudishiwa, lakini shangazi aliweka sharti lake: kabla sijaigusa, lazima yeye aniulize, "Umelala?" Aliniuliza hivyo mpaka alipokufa, na siku nilizojibu la, aliichukua ngoma akaiweka kwake. Nilimkasirikia sana siku hizo, na ninamkumbuka sana leo.

Sasa wewe daktari amekupa jina la ugonjwa wako, na dawa juu yake. Sisi hatukuwa na jina wala dawa. Meza dawa zako, mwanangu, na uombe. Kumeza dawa si kumdharau Mungu. Usingizi ukikukimbia na furaha ikakuzidi, mwambie mtu, hasa siku hiyo unapojiona mzima kuliko wote. Usigawe kitu wala usitoe ahadi mpaka ulale. Ukizama, usijihukumu, na asikuhukumu mtu kwa sababu huwezi kuomba. Tafuta mmoja wa kukuuliza kila siku kama umelala, na umjibu kweli hata akikuudhi.

Mungu akupe usingizi mtamu, akuamshe na njaa ya chakula. Na Jumapili ile amina itakapokukwama kooni, kaa karibu yangu. Nitakuwekea mkono begani, niiseme mimi.