Mahindi ya Chokaa na Sinia Moja

Kuku wetu aliangulia njiani. Wajukuu hununa nikianzia kwa kuku, lakini shule mimi niliishia darasa la pili na pengine pa kuanzia sipajui. Tulipandishwa lori la manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Songea, baba, mama na mimi, na mama alimbeba tetea wake ndani ya tenga, juu ya mayai yake, maana hakutaka kumwachia wifi yake. Tulipofika Mikumi vifaranga hao, wanalia. Tembo walikuwa ng'ambo ya barabara, hakuna aliyewatazama. Mzee mmoja mle ndani ya lori akauliza, "Mama, na hawa tuwaite wa wapi? Songea hawakuiona, Kilosa hawajafika."

"Wa tenga," mama akajibu. Lori zima likacheka.

Nilicheka na mimi, kumbe mimi mwenyewe ni kifaranga wa namna hiyohiyo. Baba Mngoni, mama Mhehe. Kule shamba la mkonge kila kabila lilikuwa na kambi yake, na watoto wa kambi moja walikula sinia moja. Tulipewa chumba kwa Wangoni. Nikinawa mikono, watoto wananiambia, "Nenda kwa wajomba zako." Nikienda kwa wajomba, "Baba yako anakungoja." Walisema kwa utani, maana makabila haya ni watani tangu vita vya mababu, lakini tumbo halijui utani. Nilikula peke yangu mlangoni, na mama akiniona anageuza uso. Nilichotaka mimi ni kula na wenzangu, basi.

Sasa, fundi. Korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge yakabaki nyuzi, ilikuwa na fundi kutoka Meksiko. Hakuwa Mzungu, hakuwa Mhindi, na watu wazima walibishana sana juu ya nywele zake. Alituambia mkonge ulitoka kwao. Hilo tulimwachia, nani angeutaka? Lakini aliposema hata mahindi asili yake ni huko, mtoto mmoja wa Kihehe akaja juu. "Mahindi ni ya bibi yangu!"

"Basi bibi yako na bibi yangu walikuwa majirani," fundi akasema.

Jumapili alitukusanya uani kwake, watoto wa kambi hizi mbili, atufundishe mapishi ya kwao. Alisema ana watoto wake huko. Alichemsha mahindi kwa chokaa, chokaa ileile iliyopakwa nyumba zetu.

"Leo tunakula ukuta!" akasema mtoto wa Kihehe.

"Wewe kula mlango, ukuta waachie Wangoni!"

Maganda yakatoka, tukayaosha mahindi, tukayasaga juu ya jiwe, tukafinyanga vimkate vyembamba, naye akavichoma juu ya bamba la chuma. Ndani akatia maharage, pilipili na limau. Vitamu, sikudanganyi. Lakini kila mtoto alishika chake, Wangoni wakaenda kukaa upande wao, Wahehe upande wao, nami nikabaki katikati na kimkate changu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumeshasaga, mara fundi akaitwa, korona imekwama. Tukangoja. Njaa ikatuuma. Kwetu sisi, unga ambao haujaingia maji ya moto bado si chakula. Msichana mkubwa wa Kingoni akainjika sufuria, akasonga donge lote tulilosaga. Fundi aliporudi akakuta mlima wa ugali na maharage juu ya sinia, nalo sinia lilikuwa moja tu. Tukaogopa. Akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Hata mama yangu unga huu huupikia uji," akasema. "Kuleni."

Hakuna aliyesogea. Sinia moja, kambi mbili. Mimi nilikuwa nimeshazoea kufukuzwa, nikamega tonge. Yule msichana akanidaka mkono.

"We mtumwa wangu wa Kihehe! Nani kakuruhusu kula kabla ya bwana wako?"

Kisha akalichukua tonge langu, akalila, kama mtani anavyochukua chako bila kuomba.

"Huyo ni Mngoni, mtumwa wetu sisi!" akapaza mtoto wa Kihehe. "Lete tonge letu!" Akaja mbio, akaninyang'anya maharage yangu, mimi nikamnyang'anya yake. Wote wakalivamia sinia. Nilikula nimebanwa viwiko kushoto na kulia, na hakuna aliyeniambia nenda.

Tangu siku ile niliitwa kula kambi zote mbili, nikitukanwa vizuri kote. Mama akaacha kugeuza uso. Yule fundi namshukuru mpaka leo, kila nikishika mwiko.

Jumapili moja tulimtangulia kuwasha moto. Akatoka amevaa viatu, na mfuko begani, safari ya kurudi kwa watoto wake.

"Shikamoo, Bwana Fundi!"

"Marahaba." Akachukua kimkate nilichokichoma mimi, akatia maharage, akakikunja. "Kuleni, visipoe."

Akaondoka anatafuna, akashika njia ya stesheni katikati ya mistari ya mkonge, na hakurudi tena.