Benki Ilipobisha Hodi Nyumba ya Eda

Juzi nilikwenda ofisi ya kata, Usagara, kugongewa muhuri. Kwenye benchi niliwakuta watu watatu wakizungumzia nyumba iliyokuwa karibu kupigwa mnada: mjane mtu mzima, ofisa wa benki iliyomkopesha marehemu mumewe, na msuluhishi, mwanamke wa makamo.

"Tulifika kwake mara tatu," alisema ofisa, akigonga faili kwa kidole. "Alikataa kuonana nasi. Imeandikwa hapa."

Msuluhishi hakulitazama faili. Alimgeukia mjane. "Mama, ulikataa?"

Mama akavuta mtandio wake. "Sikukataa, mwanangu. Nilikuwa kwenye eda. Ningewatokeaje wanaume nisiowajua? Nikamtuma jirani awaambie sitoki."

Ofisa, mtu wa milimani, akauliza eda ni nini. Akaelezwa kwamba mjane hutulia ndani miezi minne na siku kumi. Akapekua tarehe za kwenye faili; safari zote tatu ziliangukia ndani ya eda.

Utotoni kwetu, muuza kahawa akikaribia nyumba yenye eda aliacha kugonganisha vikombe, akapita kimya. Hakuna aliyemwambia. Mtaa ulijua.

Ofisa akalifunga faili, akainama kidogo. "Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa."

Hapo ndipo mazungumzo yakaanza. Nilipoondoka na muhuri wangu, mnada ulikuwa umesimamishwa na walikuwa wakipanga upya marejesho ya mkopo.

Mara tatu benki ilibisha hodi nyumba ya msiba. Pole yake ya kwanza, mama ameipata ofisi ya kata.