Vidonge Vyangu Nagawana na Mtu wa Rika Langu

Nina miaka sabini na kitu. Nimewaona Wajerumani wakija na wakiondoka, nimeona nzige, nimezika wake wawili, na mguu wa nyati niliutoa Momela mpaka kwetu Moshono begani, peke yangu. Wazee wa hapa wanalijua hilo. Mhariri, jina langu lifiche. Naandika kwa penseli mwenyewe, hata kama vidole vinagoma.

Ugonjwa wangu ni baridi yabisi. Viungo vilivimba mpaka nikalishwa uji na mke wangu wa tatu, mimi! Mwaka jana daktari Mzungu wa hospitali ya mjini akanipa vidonge vyeupe, vya kumeza kila siku. Juma moja tu, nikavuka mto Themi kwa miguu. Uso ukajaa kama boga. Vijana wakawa wananiambia, "Shikamoo babu, umenenepa, unakula nini?" Nikawajibu ni damu ya ukoo wetu. Sikutaja vidonge.

Dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda na kututafsiria, alinionya. "Mzee, hivi si karanga. Mwili wako sasa umevizoea. Usipunguze wala usiache mpaka daktari aseme. Ukiacha ghafla utaanguka."

Nilisikia. Lakini kuna Eliakimu, namwita hivyo, si jina lake. Tulitahiriwa siku moja, kisu kimoja. Kwetu mtu wa rika hanyimwi kitu: ukichinja, ana fungu lake, na tumbaku ni nusu kwa nusu. Magoti yake yalikuwa mabaya kama yangu. Akanikuta nikimeza.

"Unakula peke yako kama fisi?"

"Hii ni dawa, si nyama."

"Siku ile ya kisu ulilia wewe, nikakusitiri. Leo unaninyima kidonge?"

Sikulia. Wala msiamini. Lakini nilichukua kisu cha tumbaku nikakata kidonge katikati, na tangu siku hiyo kila asubuhi nakata. Maumivu yangu yakarudi kidogo kidogo, nami nikaendelea kukata. Siku nyingine aliomba kizima, nikampa. Mwezi haujaisha, kopo likawa tupu. Siku ya tatu nikaanguka kwenye shamba la kahawa, natapika, miguu haina habari na mimi. Wanangu wakanibeba kwa machela.

Daktari akauliza kupitia dresa, "Ulimeza vyote?"

Nikasema, "Vyote. Mimi si mtoto."

Basi akaona dawa imeshindwa, akaniongezea. Kwa uongo wangu. Nami nimerudi nyumbani, nakata tena.

Sasa nimechoka, wasomaji. Ngozi yangu imekuwa laini kama ganda la kitunguu, nikijigonga kidogo natoka damu. Usingizi sina. Na juzi nilimtazama Eliakimu nikaogopa: uso wake nao umejaa kama boga. Nimemwambia, "Twende kwa daktari wote wawili, akupime, akupe vya kwako." Akacheka. "Yule si wa rika letu. Wewe ndiye daktari wangu."

Nikiendelea kumpa, nitaanguka tena, na safari hii huenda nisiinuke. Nikimnyima, ataanguka yeye, maana mwili wake nao umeshazoea. Nikimwambia daktari ukweli, mimi ambaye sijawahi kuomba radhi kwa mtu aliye hai, nitasimama mbele ya dresa, umri wa mjukuu wangu, niseme nilidanganya. Na Eliakimu atasema nimemuuza. Nishaurini, nianzie wapi?

Anayedhani natunga, mke wangu yupo, ndiye aliyeosha matapishi. Dresa yupo, ndiye aliyenihesabia vidonge. Na Eliakimu mwenyewe yupo. Muda huu ameketi kwenye kigoda changu, ameshafungua kiganja, anauliza naandika nini hata nachelewa kukata.