Meno ya Bibi, Kioo cha Ndege

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Baadhi ya wagonjwa huniita daktari, lakini mimi ni fundi tu. Daktari huchukua vipimo vya kinywa, huniletea umbo la plasta kwenye chumba cha nyuma cha zahanati yetu hapa Kigoma mjini, nami napanga meno, napika, nasugua mpaka yang'ae. Chumba changu kina dirisha moja, na kwa karibu mwaka mzima pale dirishani palikuwa na ndege ya kivita.

Ilikuwa ya plastiki, ndogo mara arobaini na nane kuliko ndege yenyewe, na ilikuja vipande vipande ndani ya boksi. Nimekulia Gungu, karibu na uwanja wa ndege, na tangu utotoni sijawahi kusikia muungurumo angani nikabaki ndani. Ukubwani nilijiunga kwenye simu na kundi la watu wa nchi mbalimbali wanaounda ndege kama hizo. Ni wakali kama wasimamizi wa mtihani. Ukikosea kijimsumari kimoja cha ribiti kwenye bawa, watakuonyesha. Mimi nilitaka wakose la kusema. Ndege yenyewe ilikuwa ya vita vya jangwani. Jangwa sijaliona hata siku moja, lakini rangi ya mchanga niliichanganya na kuimwaga, nikaichanganya tena, mpaka ikalingana na picha. Kisha nikaweka mabaka ya kahawia kwa brashi nyembamba, nikifuata kila kona ya mchoro. Muda wa chakula cha mchana niliutumia hapo.

Kasoro ilibaki moja. Kioo kinachomfunika rubani kilifika kina ufa.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Ujiji. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na yeye aliuza dagaa Kibirizi kwa miaka mingi. Alikuwa ameshastaafu biashara, lakini bado aliongea kwa sauti ya mtu anayebishana na wenye mitumbwi. Meno yake ya juu yalikuwa yameisha yote. Shida ni kwamba ule unga wa rangi ya waridi tunaotengenezea ufizi wa bandia ulimdhuru, kinywa kilimvimba. Daktari akaagiza kutoka Dar es Salaam unga usio na rangi, ambao ukipikwa unatoa kitu kigumu, angavu kama kioo. Kopo moja dogo, kwa ajili yake peke yake.

"Mjukuu wangu anaolewa," aliniambia siku ya kujaribisha meno yakiwa bado kwenye nta. "Mimi ndiye niliyemlea. Nataka siku hiyo nicheke, daktari."

"Mimi si daktari, bibi."

"Atakayenipa meno ndiye daktari wangu."

Kopo lilifika wiki mbili kabla ya harusi. Nililifungua, nikaangalia ule unga, kisha nikaangalia dirishani. Nilijiambia nitachota kidogo tu.

Nilitengeneza kalibu ya plasta kutokana na kile kioo chenye ufa, nikapika cha kwanza. Kilitoka na mapovu. Cha pili kilitoka na ukungu. Hapo ningeacha, unga uliobaki ungetosha kwa bibi. Najua ungetosha, kwa sababu niliupima. Nikapika cha tatu.

Kilitoka safi kama maji ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaanza. Nilikisugua kwa mashine ileile ninayosugulia meno, nikakibandika, nikapiga picha. Wale wakali wa kwenye simu walisifu kioo kuliko kitu kingine chochote. Mmoja aliuliza nimekinunua wapi. Nilifurahi sana, na furaha ile ndiyo inayoniumiza zaidi kuikumbuka.

Daktari nilimwambia kopo limenidondoka. Akaguna, akaagiza lingine. Bibi alipokuja kuchukua meno yake nilimpokea mlangoni, asiingie ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tayari?"

"Unga haujafika. Mzigo umekwama Dar."

Nikasubiri anigombeze, kwa maana mdomo alikuwa nao.

"Basi," akasema. "Si kosa lako. Ila harusi uje."

Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Ilikuwa mchana, uani kwake Ujiji, chini ya turubai. Bibi alikaa mbele, amevaa vizuri kuliko wote, amejitanda kanga ya rangi ya dhahabu, na pembe ya kanga ile hakuitoa mdomoni. Wanawake walipopiga vigelegele, yeye alipunga mkono. Sahani yake ya pilau aliisukuma kwa mtoto aliyekaa karibu. Mpiga picha alipomwita asimame na bibi harusi, alitikisa kichwa. Bibi harusi mwenyewe akaja kumvuta mkono, bado alikataa. Nilikuwa na nyama mdomoni. Niliitafuna muda mrefu.

Kopo la pili lilifika baada ya siku chache. Safari hii nilimtengenezea meno mazuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Alipoyavaa alisogea dirishani kujitazama kwenye kioo cha mkono, akaiona ndege.

"Umeiunda wewe? Hata hiki kioo chake?"

"Kilikuja hivyohivyo," nikasema.

Mwezi uliofuata alinipigia simu kwamba upande wa kushoto unamchoma. Nilichukua tupa yangu ndogo nikaenda kwake. Alikuwa peke yake, anachambua maharage. Nilikaa kwenye mkeka, na kabla sijagusa chochote nikamweleza yote: kopo, vile vioo vitatu, Dar, na jibu la dirishani. Nilisema haraka, nikiangalia maharage.

Aliyatoa meno, akayaweka kwenye kiganja, akayatazama.

"Unga wa meno yangu," akasema. Bila meno sauti yake ilikuwa nyingine. "Kwa ajili ya ndege ya kuchezea."

"Nisamehe, bibi."

Alisema, "Mjukuu wangu nilimwambia kichwa kinaniuma, ndiyo maana sitaki picha. Alilia. Sasa na wewe usije ukamwambia habari hizi. Akijua nilimdanganya siku yake, ataumia upya. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Haya, fanya kilichokuleta. Huku kushoto."

Nilipunguza kidogo kwa tupa, akajaribu kuuma, akasema bado, nikapunguza tena. Ikafika mara nne. Aliporidhika alirudi kwenye maharage yake, hakunisindikiza, nami nikatoka peke yangu mpaka barabarani.

Ndege niliiondoa dirishani. Imo kabatini kwangu nyumbani, imeviringishwa gazeti. Kuitupa nimeshindwa, na hilo nalo silioni kuwa la kujivunia.

Yule mjukuu nimekutana naye sokoni hivi karibuni, akiwa na mumewe. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Daktari, ahsante sana. Bibi siku hizi anatafuna mpaka mahindi ya kuchoma. Mungu akubariki."

Mume akainamisha kichwa kwa heshima. Nikasema, "Amina," nikawapisha wapite.